Dhiraa

Kabla mita ya chuma haijaletwa dukani
mkono wangu ndio uliokuwa mita:
kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati,
dhiraa. Mbili, wari.
Na hata mita ilipokuja, wanawake wa Wawi
walisema, "Bimize, tupimie kwa mkono,
chuma hakina huruma."
Nami nikiwazidishia shibiri,
naangalia pembeni kama sikuiona.

Miaka kumi na mmoja, duka la Bwana Mselemu,
Chake Chake, mlango wa tatu ukitoka sokoni.
Poplini chini, shifoni katikati,
hariri ya uongo juu kabisa, karibu na dari,
maana cha bei hupenda kutazamwa.

Ngazi ilikuwa na vipandio tisa.
Cha saba kilifungwa waya tangu masika.
Nilisema.
Bwana akasema, "Tutakitazama."
Tukakitazama sote. Nacho kikatutazama.

Usiku wa mwezi ishirini na saba, Ramadhani,
watu wanagombea nguo za sikukuu,
bibi mmoja ataka zambarau.
"Siyo hiyo mwanangu, ile ya juu."
Nikapanda.

Kuanguka sikukumbuki. Nakumbuka jora
likifunguka hewani, zambarau, refu,
na miye chini yake nahesabu bila kutaka:
wari moja, wari mbili, wari tatu.

Mkoani walinipiga picha, wakaniunga, wakafunga plasta.
Plasta ilipotoka vidole havikunyooka,
vimejikunja kama watoto walioitwa wakagoma kwenda.
Bwana akaleta bahasha na kilo mbili za sukari.
"Kadari hiyo, Bimize."
Kadari naikubali.
Lakini fundo la waya ule lina mkono wa mtu.

Ofisini, karani, binti mdogo, mpole, ana miwani,
akafungua jedwali la mwili:
kidole gumba, kifundo, jicho moja, macho mawili,
kila kiungo na fungu lake,
kama nyama buchani.
"Mkono gani unaofanyia kazi?"
"Huu."
"Unanyooka mpaka wapi?"
Akatoa rula ya plastiki, ya mwanafunzi,
akaipima dhiraa yangu.
Nikacheka. Akadhani naumwa.

"Shahidi yupo?"

Hapo kicheko kikakatika.
Khatibu ndiye aliyekuwa ameishika ngazi,
lakini alipoulizwa alisema
alikuwa stoo akihesabu vifungo.
Sikumlaumu. Ana mama, ana deni la mabati,
na Chake ni ndogo: ukifukuzwa duka moja
habari zako zimeshatangulia kuingia la pili.

Jana baada ya isha akabisha hodi.
Hakuketi. Chai hakuigusa.
Akaweka juu ya mkeka kitu
kilichoviringishwa kwa kipande cha shifoni,
akarudi mlangoni, akavaa kiatu kimoja,
akasimama.
"Aliniambia nikakichome," akasema.
"Nikachoma ubao mwingine."

Kipandio cha saba.
Waya bado umekizunguka, na kutu,
na nusu ya msumari.

Leo Jumamosi, ofisi hawafungui.
Sijui Jumatatu wataniambia nini,
au kiasi gani, au nirudi lini.
Sijui Khatibu kama atasema mbele za watu
alichokisema mbele ya viatu vyake.

Nimekilaza kando ya mkono wangu, mkekani,
kisugudi kwenye ncha moja,
nikavivuta vidole hadi machozi yakanitoka.
Kinanizidi.
Kinanizidi shibiri,
ile ile niliyokuwa nikiwazidishia watu.